Shax: Mchezo unaoamuliwa kabla ya kete kusogea

WASOMAJI wengi wa kurasa hizi huianza Jumapili yao kwa penseli mkononi, wakijaza nambari katika miraba ya sudoku. Wale wanaoyamaliza mafumbo magumu wanaijua siri yake: hakuna kubahatisha. Kila nambari lazima iwe na sababu ya kukaa pale ilipokaa, maana ikiwekwa hapa, hubadilisha mambo kule.

Kwa wapenzi wa mafumbo ya namna hiyo, upo mchezo wa jadi unaodai akili iyo hiyo, nao hauhitaji gazeti wala penseli. Ni shax, mchezo wa Wasomali. Jina hilo hutamkwa "shah", kwa h nzito ya kooni kama ile ya Kiarabu.

Chukua mfano wa Masalani, makao makuu ya Ijara katika kaunti ya Garissa, mji ulio karibu na mto Tana, ambao wakazi wake wengi ni Wasomali wenye asili ya ufugaji. Mahali kama hapo, kivuli cha mti na mchanga kidogo vinatosha kuwa uwanja. Huyu huokota vijiwe, yule huvunja vijiti, na vita vikaanza. Mchezo huu si wa juzi. Tangu mwaka 1931, G. Marin alikwisha kuueleza katika makala yake kuhusu michezo ya Wasomali, iliyochapishwa katika jarida la wanaanthropolojia huko Uingereza.

UBAO NA KANUNI

Chora miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Kisha, katikati ya kila ubavu, piga mstari unaotoka mraba wa nje, ukapita ule wa kati, ukaishia mraba wa ndani. Pembe haziunganishwi. Hesabu mahali mistari inapokutana: utapata vituo 24. Kila mchezaji ana kete 12, kwa hivyo kete zote zikiwekwa, ubao hujaa pomoni.

Mchezo una sehemu mbili. Ya kwanza ni kupanga: kila mmoja huweka kete moja kwa zamu. Kete tatu za mtu mmoja zikikaa kwenye mstari mmoja huitwa jare. Wakati wa kupanga, jare haili kete. Lakini aliyetangulia kuipata ndiye atakayetangulia kuondoa kete moja ya mwenzake ubao ukijaa, kisha mwenzake naye aondoe moja. Huyo wa kwanza ndiye pia atakayetangulia kusogeza. Ikiwa hakuna aliyepata jare, haki hiyo humwendea yule aliyeweka kete wa pili.

Sehemu ya pili ni kusogeza. Kete husogea hatua moja kufuata mstari, hadi kituo jirani kilicho wazi. Ukipata jare sasa, unakula kete moja ya mpinzani. Anayebaki na kete mbili ameshindwa.

Hapo ndipo wanafunzi wengi wa mchezo huu hukosea. Hudhani kupanga ni kujaza ubao tu, na kwamba vita huanza kete zinaposogea. Ukweli ni kwamba ubao ukijaa, mara nyingi mshindi huwa amekwisha kujulikana.

VITUO HAVILINGANI

Mbinu ya kwanza ni kujua thamani ya kila kituo. Ubao una mistari 16 ya jare, na kila kituo kimo katika miwili. Kwa hesabu hiyo vituo vyote ni sawa. Lakini hesabu njia za kutokea! Kete iliyo pembeni ina njia mbili tu. Iliyo katikati ya ubavu wa mraba wa nje au wa ndani ina tatu. Iliyo katikati ya ubavu wa mraba wa kati ina nne, na vituo vya namna hiyo ni vinne tu katika ubao mzima. Anayekimbilia pembe zote mapema huja kujikuta na jeshi lisiloweza kutembea.

TISHIO LA PANDE MBILI

Mbinu ya pili ni ya kuwania jare ya kwanza. Weka kete katika pembe mbili zinazokabiliana za mraba mmoja, tuseme kaskazini-magharibi na kusini-mashariki. Bado hujatishia chochote. Lakini ukipata nafasi ya kuweka ya tatu katika pembe ya kaskazini-mashariki, na bavu hizo mbili ziko wazi, umetishia mistari miwili kwa mpigo. Mpinzani anaweza kuziba mmoja tu. Akiiwahi pembe hiyo, ile ya kusini-magharibi nayo inafaa vivyo hivyo. Dawa yake ni kukutishia yeye kwanza, ili zamu yako iishie katika kuziba.

MTEGO WA KITUO CHA KATI

Mbinu ya tatu ndiyo tamu kuliko zote. Chukua kimoja cha vile vituo vinne vyenye njia nne, na uweke kete zako katika majirani zake wote wanne. Mpinzani atakuja kukaa katikati, akidhani amekuvurugia. Mwache akae.

Ubao ukijaa, nawe ukiwa na haki ya kutangulia, ondoa kete yake iyo hiyo ya katikati. Sasa ni zamu yake kuondoa moja yako. Aondoe ipi? Akiondoa moja ya mstari huu, ile iliyobaki mstarini humo itaingia katikati na kukamilisha jare ya mstari wa pili. Akiondoa ya mstari wa pili, mambo ni yale yale kwa upande mwingine. Vyovyote afanyavyo, hatua yako ya kwanza kabisa inakula kete.

KUKAMUA BILA KUFUNGA

Mwisho ni jare inayojirudia. Tuseme umeshika vituo vitatu vya ubavu wa juu wa mraba wa nje, pamoja na pembe mbili za juu za mraba wa kati, na katikati ya pembe hizo pako wazi. Kete yako ya katikati ikishuka, unakula. Ikipanda tena, unakula. Hatari ni moja: mpinzani akiwa katikati ya ubavu wa juu wa mraba wa ndani, anaweza kupanda na kukuzibia. Basi kete hiyo ndiyo ya kuliwa kwanza.

Lakini usimbane mwenzako hadi asipate pa kupita. Katika shax, aliyekosa njia hashindwi. Wewe ndiwe unayelazimika kucheza tena ili kumfungulia, na ukipata jare kwa hatua hiyo, huli kitu. Wahenga wa mchezo huu walijua kwamba kumfunga mtu si kumshinda.

Mzazi, mchezo huu hauuliwi na umaskini wala kukatika kwa umeme. Unaweza kuuawa na kitu kimoja tu: kutofundishwa. Ubao wake huchorwa mchangani na upepo ukaufuta, na hila zake nyingi zimo vichwani mwa wazee. Likizo ijayo, kama una jirani Msomali mwenye umri, iwe ni Masalani, Garissa au Eastleigh, mpelekee mwanao na vijiwe 12 mfukoni. Atashindwa mara nyingi. Kila akishindwa, amuulize mzee swali moja tu: nilikosea nilipoweka kete ya ngapi?