BUSTANI YA NYUMBANI WAKATI WA BARIDI

Kila mwaka, mwezi wa Juni ufikapo na ukungu ukianza kulala juu ya mashamba hadi saa nne za asubuhi, wakulima wengi wa nyanda za juu huacha bustani zao za mboga. Jembe huwekwa pembeni, watu husogea jikoni kuota moto, na bustani huachiwa magugu mpaka jua lirudi. Halafu mboga hununuliwa sokoni kwa fedha za maziwa, zile zile ambazo zingelipa karo ya watoto.

Ndugu mkulima, hasara hiyo si ya lazima. Iko mimea isiyoweza baridi, na iko inayoipenda. Ukijua tofauti yake, na ukijua baridi yenyewe inavyokwenda, utakula mboga za shambani mwako Juni, Julai na Agosti.

Baridi inavyokuja

Skimu nyingi zilizoanzishwa Nyandarua katika miaka ya 1960, kama zile za Kinangop, ziko juu ya mita 2,400, yaani karibu futi 8,000. Kadiri nchi inavyoinuka, hewa hupoa kwa digrii 6 hivi kwa kila mita 1,000. Ndiyo sababu nyanya zinazostawi Mwea husinyaa Kinangop.

Adui mkubwa ni sakitu, yaani umande ulioganda. Mchana udongo hupokea joto la jua, na usiku huliachilia lipande juu. Kukiwa na mawingu, joto hilo huzuiwa kama kwa blanketi. Lakini usiku wa nyota nyingi, pasipo upepo, joto hupotea lote. Maji yaliyomo ndani ya jani huganda na kuliharibu. Jua likichomoza, jani huonekana jeusi kama lililomwagiwa maji ya moto. Kwa hiyo, usiogope usiku wa mawingu. Ogopa jioni ambayo anga ni safi na miti imetulia. Hata Januari, wakati wa kiangazi, usiku wa namna hiyo waweza kuleta sakitu.

Tena yafaa ujue kwamba hewa ya baridi ni nzito, nayo hutiririka kama maji kwenda bondeni. Mkulima aliyepanda viazi bondeni hupata hasara, na jirani yake aliye juu kidogo mtelemkoni asiguswe. Basi weka bustani yako mtelemkoni, mahali panapopata jua la asubuhi. Kama kuna ua mnene upande wa chini, acha mwanya ili hewa hiyo ipite. Ua usio na mwanya huizuia kama ukuta wa bwawa, na bustani yako huwa ndiyo bwawa.

Panda nini?

Mimea inayostahimili baridi ni sukuma wiki, kabichi, spinachi, karoti, vitunguu na vitunguu saumu. Sukuma wiki na karoti huwa tamu zaidi wakati huu, kwa kuwa mmea ukipata baridi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari. Njegere huvumilia baridi zikiwa changa, lakini maua yake huharibiwa na sakitu.

Mimea isiyoweza sakitu ni viazi, maharagwe, mahindi, nyanya na malenge. Hiyo usiiweke mahali pa chini.

Kumbuka pia kwamba wakati wa baridi mimea hukua polepole. Usingoje mboga za kwanza ziishe ndipo upande nyingine. Sia mbegu kidogo kidogo kitaluni, kila baada ya majuma matatu, ili mezani pasikose kitu. Miche ya kabichi ipandwe futi 2 kutoka mmoja hadi mwingine. Karoti zipandwe kwa mistari ya futi 1, kisha zipunguzwe ili kila moja ipate nafasi ya inchi 2.

Kazi za kila siku

Kwanza, tumia mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri. Wakati wa baridi mbolea huoza polepole, na ile mbichi huunguza mizizi.

Pili, mwagilia maji asubuhi, wala si jioni. Udongo wenye unyevu hushika joto la mchana kuliko udongo mkavu, na majani yatakuwa yamekauka kabla ya usiku.

Tatu, nyasi za kufunika udongo ni nzuri wakati wa jua kali, lakini huzuia joto la udongo lisipande kwenye mmea usiku. Ukiona dalili za sakitu, zisogeze kando ya mistari.

Nne, funika kitalu jioni. Simamisha vijiti, weka juu yake magunia au nyasi zisizogusa majani, na uziondoe asubuhi jua likitoka. Kazi hii ni ya dakika kumi, na mtoto wa shule aweza kuifanya.

Tano, pandisha udongo kwenye mashina ya viazi. Sakitu ikiunguza majani, usiyang'oe mashina upesi. Ngoja siku kadhaa, kwani mara nyingi huchipua tena kutoka chini.

Sita, jihadhari na baka la viazi. Ugonjwa huu hupenda baridi na manyunyu. Ukiona madoa ya rangi ya kahawia, yenye utando mweupe chini ya jani, ng'oa shina hilo na kulizika mbali na shamba. Usilitupe katika shimo la mbolea. Dawa hupigwa kabla ugonjwa haujaenea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Muulize Bwana Shamba wako ile inayofaa.

Bustani ni raha pia

Usifikiri ya kwamba bustani ni kazi ya mama peke yake, au ni kazi tu. Panda waridi karibu na mlango, na yungiyungi jeupe mahali penye majimaji. Weka benchi upande unaopata jua. Saa tano, ukungu ukiisha kuondoka, kaa hapo na watoto wako na uwaonyeshe matone ya maji yanayong'aa juu ya majani ya kabichi. Mtoto aliyezoea kuitazama bustani huwa wa kwanza kuona jani lililoanza kuugua.

Na jioni, wewe na jamaa yako mkizunguka moto, sufuria ikitokota mboga mlizozichuma wenyewe, fedha za maziwa zitakuwa bado zipo. Mchumia juani hulia kivulini. Na aliyetunza bustani yake katika baridi hula penye moto.