Bidhaa Isiyopita Bandarini

Teknolojia ya habari na uchumi wa taifa: Sehemu ya Pili

Julai 1991 Benki Kuu ya India ilipakia ndegeni tani 47 hivi za dhahabu na kuzipeleka London. Dhahabu ile haikuuzwa, iliwekwa rehani, kama mama anavyovua bangili zake akamwachia mkopeshaji ili nyumba ipate kula. Vita vya Ghuba vilikuwa vimepandisha bei ya mafuta, na akiba ya fedha za kigeni ilikuwa imebaki ya kununulia bidhaa za nje kwa wiki chache tu. Kwa watu ambao kwao dhahabu ni heshima ya ukoo, habari ile iliuma.

Leo nchi hiyohiyo inauza nje programu za kompyuta na huduma zinazoambatana nazo kwa thamani inayokaribia dola bilioni 200 kwa mwaka. Wiki iliyopita makala hii ilieleza sekta ya teknolojia ya habari ni nini na mchango wake katika pato la taifa hupimwaje. Safari hii inakaa India, kwa sababu hakuna nchi inayoonyesha vizuri zaidi jinsi sekta hii inavyoweza kuleta fedha nyingi, na papo hapo kuwaacha watu wengi nje ya mlango.

Mwanzoni serikali haikuipenda kompyuta. Iliiona kama mashine ya kigeni iliyokuja kuwanyang'anya makarani kazi, na ushuru wa kuiingiza nchini ulikuwa mkubwa wa kukatisha tamaa. Mwaka 1978 kampuni ya IBM ya Marekani ilifunga virago, baada ya kutakiwa na sheria kupunguza hisa zake na kuwaachia wenyeji sehemu kubwa ya umiliki. Wengi walidhani mlango umefungwa. Lakini mashine zake zilibaki, na zilihitaji mafundi. Shirika la serikali liitwalo CMC likachukua kazi ya kuzitunza, na wahandisi wa nyumbani, kwa kukosa mwalimu mmoja wa kumtegemea, wakajifunza kila aina ya kompyuta iliyofanikiwa kupenya forodhani.

Kampuni zenyewe zilizaliwa kwa njia za ajabu. TCS ilianzishwa Bombay mwaka 1968 ndani ya himaya ya Tata, wafanyabiashara wa chuma na nguo. Wipro ilianza mwaka 1945 katika mji mdogo wa Amalner, ikikamua mafuta ya kupikia. Kompyuta zilikuja baadaye sana. Infosys iliundwa na wahandisi saba huko Pune mwaka 1981 kwa mtaji wa rupia 10,000, ambazo mmoja wao, Narayana Murthy, alikopeshwa na mkewe Sudha. Murthy amesimulia mara nyingi jinsi kupata laini ya simu kulivyowachukua mwaka mzima, na kibali cha kuagiza kompyuta muda mrefu zaidi. Kampuni ya kompyuta isiyo na kompyuta!

Hapo ndipo penye kiini cha habari yote. Mtu aliyetaka kusafirisha viatu au baiskeli kutoka India ya miaka ile alihitaji barabara nzima, umeme usiokatika, bandari isiyo na msongamano na karani wa leseni aliyeamka vizuri. Vyote vilikuwa adimu. Programu haihitaji kuli wala kontena. Inapita hewani kwa satelaiti, au chini ya bahari kwa mkongo, na afisa forodha hana sanduku la kufungua. Mwaka 1985 kampuni ya Texas Instruments ya Marekani ilipofungua ofisi katika mji wa Bangalore, ilijiunganisha na Marekani kwa satelaiti, na wahandisi wakaanza kuchora saketi ambazo zingetumika upande wa pili wa dunia.

Serikali nayo ikaanza kugeuka. Sera ya kompyuta ya mwaka 1984, chini ya Waziri Mkuu Rajiv Gandhi, ilipunguza ushuru na kutambua utengenezaji wa programu kuwa kiwanda kama viwanda vingine. Mwaka 1991, katikati ya aibu ya dhahabu, Waziri wa Fedha Manmohan Singh alilegeza minyororo ya leseni. Mwaka huohuo zikaanza hifadhi maalumu za programu, zenye mitambo yake ya satelaiti. Kampuni zilizojisajili huko zilipata msamaha wa kodi ya mapato uliodumu hadi 2011. Kwa lugha nyepesi, wakubwa walijenga vijumba ambamo kero za nchi zilibaki nje.

Ila si haki kusema kwamba sekta iliota yenyewe. Chuo cha sayansi cha Bangalore kilianza mwaka 1909, kiwanda cha ndege kilifunguliwa mjini humo mwaka 1940, na shirika la anga za juu lina makao makuu hapohapo. Ipo picha mashuhuri ya mwaka 1981 ya satelaiti ya APPLE ikiwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Wengi huicheka, kumbe mkokoteni ulichaguliwa makusudi: wanasayansi walikuwa wakipima antena, wakataka kibebeo kisicho cha chuma. Taasisi za teknolojia za taifa, ya kwanza ikiwa ya Kharagpur mwaka 1951, zilikuwa zikitoa wahandisi kwa miongo minne kabla fedha hazijaonekana. Kodi ya mkulima ndiyo iliyowasomesha.

Kisha ikaja bahati. Mwaka 2000 ulipokaribia, kampuni za Ulaya na Marekani ziligundua kwamba kompyuta zao zilikuwa zikiandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, na zingeisoma 00 kama 1900. Kupekua mamilioni ya mistari ya programu kuukuu ni kazi ya kuchosha, na India ilikuwa na vijana wanaojua Kiingereza na hesabu. Saa nazo zilisaidia: New York ikilala, Bangalore iko kazini. Kazi ya tarakimu ilipokwisha, wateja walikuwa wameshazoea, wakaleta mishahara, bima, vitabu vya benki na simu za wateja wao.

Kwa hazina ya taifa, matokeo hayana ubishi. India hununua nje bidhaa nyingi kuliko inazouza, hasa mafuta, na pengo hilo huzibwa kwa sehemu kubwa na mapato ya huduma. IBM nayo ilirudi miaka ya tisini. Mwaka 2017 gazeti la New York Times liliripoti kuwa ilikuwa na wafanyakazi wengi India kuliko Marekani.

Tatizo ni hesabu ya watu. Sekta inaajiri zaidi ya watu milioni 5, katika nchi yenye nguvukazi inayopita milioni 500. Ni mmoja kati ya mia. Zaidi ya wanne kati ya kumi bado wako shambani. China iliwatoa wakulima mashambani ikawaingiza viwandani kwa mamilioni. India ilirukia kazi inayodai shahada, na binti wa mkulima aliyeishia darasa la nane hakupata pa kuingilia, labda kufagia ofisi au kuwapikia wafanyakazi wake. Fedha iliyokuja bila kupita barabarani haikulazimika kutengeneza barabara.

Bangalore, siku hizi Bengaluru, inabeba alama zake. Ziwa Bellandur, jirani na majengo ya vioo ya kampuni za kimataifa, limewahi kutoa povu na hata kuwaka moto kwa uchafu. Mwanzoni mwa 2024 mji ulikosa maji, na wakazi wa maghorofa ya kifahari wakasubiri malori ya maji kama watu wengine.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, faida kubwa zaidi ilianza kuonekana pale ujuzi ulipogeuzwa kuelekea nyumbani. Nandan Nilekani, mmoja wa wale saba wa Infosys, aliitwa na serikali mwaka 2009 kusimamia Aadhaar, namba ya utambulisho inayotegemea alama za vidole na macho. Mwaka 2016 ukafuata mfumo wa malipo wa UPI, unaomwezesha muuza chai kupokea malipo kwa simu kutoka benki yoyote. Kufikia Agosti 2023 mfumo huo ulikuwa ukipitisha zaidi ya miamala bilioni 10 kwa mwezi. Muuza chai huyo hajui Kiingereza, wala hakusoma Kharagpur.

Sehemu ya tatu itaanzia Mombasa, ulikotua mkongo wa SEACOM mwaka 2009. Mkongo huohuo una mguu wake Mumbai, mji ambao mwaka 1991 ulikuwa bado unaitwa Bombay.