Samaki Wetu, Daftari la Wengine

Majuzi nilikuwa Vanga, nikiwatazama wavuvi wakivuta vyombo vyao ufuoni. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu aliniuliza, "Mwanangu, huko baharini mpaka wetu ni upi?"

Nilimjibu kwa niliyoyasoma. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) limezigawa bahari za dunia katika maeneo makuu 19 ya kuhesabia uvuvi. Sisi tumo katika eneo la 51, lianzialo Bahari ya Shamu na kuteremka hadi kusini ya Madagascar. Pamoja na mgawanyo huo upo wa kisheria: Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 unalipa kila taifa la pwani haki ya samaki hadi maili 200 za baharini. Kenya ilikuwa imekwisha kutangaza ukanda wake mnamo 1979.

Mzee alicheka. "Na jodari je, naye amesoma mkataba huo?"

Jodari hajasoma. Leo yuko kwetu, kesho yuko Shelisheli. Lakini aliyenitia wasiwasi si jodari, bali karani. Samaki avuliwaye na meli ya kigeni ndani ya maili zetu huandikwa, katika takwimu za FAO, kwa jina la taifa ambalo bendera yake yapepea melini, chini ya nambari 51. Asomaye jedwali hilo hawezi kujua kama samaki huyo alitoka Kenya, Somalia au bahari kuu. Naye mzee wangu, ambaye kusi ikivuma hathubutu kuvuka mwamba, haoni meli wala hesabu yake.

Je, nasema mgawanyo huo hauna maana? La hasha! Pasipo maeneo hayo dunia isingejua ni wapi samaki wanapungua. Ninalosema ni kwamba eneo pana kiasi hicho haliwezi kutulindia haki yetu. Hiyo ni kazi yetu wenyewe. Kila meli ipewayo leseni na ibebe mkaguzi wetu, ishushe samaki Mombasa, na hesabu yake itangazwe hadharani ili hata mzee wa Vanga aisikie.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Yetu inalo daftari, ila kalamu imo mkononi mwa mwingine.