Babu, Baba na Mwana Ndani ya Kompyuta

Sogeeni, wajukuu zangu. Nyimbo za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vilivyoipa Tanga sifa pwani nzima, zilisikilizwa kwa santuri, na baadaye kwa kanda. Mwenye kanda akitaka wimbo wa nne, hana budi kuzungusha mpaka apite wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mwenye santuri kubwa huinua sindano akaiweka penye wimbo autakao, basi.

Kompyuta za zamani, zile zilizojaa chumba kizima, nazo zilitunza kumbukumbu kwa njia hizo mbili. Serikali yetu ilifunga ya kwanza mwaka 1965, Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Tuseme basi tuna faili la mishahara ya walimu, kila mwalimu na rekodi yake: namba, jina, kituo, mshahara. Limeandikwa kwenye utepe wa sumaku, kwa mfuatano wa namba.

Mwisho wa mwezi utepe hufaa sana. Kila mtu analipwa, kwa hiyo mashine huanza namba ya kwanza hadi ya mwisho bila kumruka yeyote. Waliopandishwa daraja hupangwa kwanza kwa namba zao, kisha mashine husoma utepe wa zamani huku ikiandika mpya wenye mabadiliko. Wa zamani hautupwi, wala ule uliotangulia huo. Mafundi huziita tepe hizo babu, baba na mwana: mwana akiharibika, baba yupo, atamzaa tena.

Sasa mwalimu mmoja wa Pangani aja kuuliza, "Jamani, mshahara wangu umekwama wapi?" Anayetafutwa ni mmoja, lakini utepe lazima upite kwa wote waliomtangulia.

Dawa yake ilikuwa imekwisha kupatikana. Mwaka 1956 IBM ya Marekani ilitoa RAMAC, mashine yenye sahani 50 za sumaku zinazozunguka, zikibeba herufi milioni 5. Mkono wake uliifuata rekodi moja kwa moja, kwa kawaida bila kutimiza sekunde. Mkono hujuaje pa kwenda? Njia mojawapo ni faharasa, yaani orodha inayosema: namba hii iko sahani ile, duara lile.

Lakini diski zilikuwa ghali, na kila rekodi mpya ikiingia, faharasa nayo hudai kurekebishwa. Wataalamu wakaziunganisha njia zote mbili: rekodi zikae kwa mfuatano, na faharasa iwepo. Siku ya mshahara zinasomwa zote; siku ya malalamiko inachomolewa moja.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, kabla hamjapanga faili jiulizeni: tutawahitaji wote kwa pamoja, au mmoja mmoja? Msidhani utepe umekufa. Hata leo taasisi kubwa duniani huweka nakala za akiba humo, kwa kuwa ni rahisi kwa bei, na siku ya maafa nakala hiyo husomwa yote, toka mwanzo hadi mwisho.