Kwa Nini Hati za Mapatano Zina Herufi Kubwa

Wakulima wengine, wakipewa hati ya mapatano watie sahihi, hupita upesi juu ya fungu lililopigwa chapa lote kwa HERUFI KUBWA. Hudhani ni madoido ya karani. Sivyo. Kwa kawaida fungu hilo ndilo linalokunyima haki fulani, na aliyeliandika aliogopa mahakama.

Maana ni vigumu kumfunga mtu kwa sharti kali lililofichwa. Twaa mfano huu wa Uingereza. Mtu mmoja aliweka ghalani mapipa 8 ya maji ya machungwa. Siku chache baadaye akaletewa karatasi yenye sharti kwamba mwenye ghala hatalipa hasara yo yote, hata ikiletwa na uzembe. Alipokwenda kuyachukua, mapipa mengine yalikuwa matupu na mengine yanavuja. Kesi iliamuliwa mwaka 1956. Jaji Denning alieleza kwamba masharti mengine ni makali hata yapasa kuchapwa kwa wino mwekundu, pamoja na mkono mwekundu wa kuyaonyesha. Lakini mwenye mapipa alishindwa! Alikuwa amekwisha pokea karatasi za namna ile mara nyingi, wala hakuzisoma. Mahakama za Kenya hazifungwi na hukumu hiyo, lakini mawakili huzitaja hukumu za namna hiyo mbele yao.

Huko Marekani jambo hili limeandikwa katika sheria ya biashara. Muuzaji akikataa kwa maandishi dhamana ya kwamba bidhaa inafaa kwa kazi yake ya kawaida, maneno hayo lazima yaonekane wazi, kwa mfano kwa herufi kubwa zaidi au rangi nyingine. Zamani mashini ya taipu haikuwa na herufi nene. Karani aliweza kupiga herufi kubwa au mstari chini, basi. Desturi ikakaa, kwa kuwa wakili huogopa kuacha njia iliyokwisha zoeleka.

Mimi naona imezidi. Ukurasa mzima wa herufi kubwa huchosha macho, na neno la hatari hupotea kati ya mengine. Mwaka 2002 mahakama moja ya rufani ya Marekani ilisema kwamba herufi kubwa peke yake hazitoshi.

Wewe basi, ukipewa risiti ya ghala au hati ya kununua trekta kwa malipo ya kidogo kidogo, anza na herufi kubwa, kisha geuza karatasi usome nyuma. Usilolielewa, mwambie mwenye hati akueleze kabla hujatia sahihi, na udai nakala yako siku ile ile.