Kuuzunguka Mlima Kenya na matineja: Mpango uanze kwa maswali, hoteli baadaye

LIKIZO ya Agosti inapobisha hodi, wazazi wengi hukuna kichwa. Mtoto wa miaka saba huridhika na bembea na aiskrimu, lakini kijana wa miaka kumi na mitano hutaka kujua mnaenda wapi, mnaenda kufanya nini, na iwapo huko kuna mtandao.

Matokeo yake ni kwamba familia nyingi hufanya mojawapo ya mambo mawili. Zenye uwezo huelekea Mombasa. Nyingine huwapeleka vijana mashambani kwa nyanya yao, ambako huketi sebuleni siku nne wakibonyeza simu hadi siku ya kurejea mjini.

Ipo njia ya tatu, nayo haihitaji pasipoti wala tiketi ya ndege. Ni kuuzunguka Mlima Kenya kwa barabara, kuanzia Nyeri, kupitia Naro Moru, Nanyuki na Meru, kisha kurejea kwa njia ya Chuka, Embu na Mwea. Katika mzunguko huo mmoja, kijana hukutana na mengi anayoyasoma katika vitabu vya historia, jiografia na sayansi, na huyaona kwa macho yake.

Hata hivyo, safari hiyo haifaulu kwa bahati. Mzazi akiipanga peke yake usiku na kuwatangazia watoto asubuhi, atasafiri na abiria wanaonuna.

Njia na idadi ya siku

Kutoka Nairobi hadi Nyeri ni takriban kilomita 150. Nyeri hadi Nanyuki ni kilomita 60 hivi, Nanyuki hadi Meru karibu 80, Meru hadi Embu kama 130, na Embu hadi Nairobi kiasi hicho hicho tena. Jumla ni kama kilomita 550.

Dereva mwenye pupa anaweza kuzimaliza kwa siku mbili, na huo ndio mtego. Matineja hawachoshwi na umbali pekee, bali pia na kushuka garini kila baada ya saa moja ili wapigwe picha na kupanda tena. Ni heri kutenga siku sita: usiku miwili Nyeri, miwili Nanyuki na mmoja Meru. Familia isiyo na siku hizo na iishie Nanyuki, kisha irudi kwa barabara ile ile. Nusu ya safari iliyotulia ni bora kuliko nzima ya mbio.

Kuhusu majira, Aprili ni mwezi wa mvua za masika na njia za msituni hujaa matope. Agosti mvua hupungua, ila Nyeri huwa na baridi na mawingu mazito. Mlima wenyewe mara nyingi huonekana alfajiri kabla ya kujifunika, kwa hivyo anayetaka kuuona hana budi kuamka mapema. Sweta, koti la mvua na viatu vilivyokwisha kuzoea miguu ni vya lazima.

Kila kijana na siku yake

Njia rahisi ya kuwashirikisha vijana ni kumkabidhi kila mmoja siku moja aisimamie. Mpe kiasi cha fedha cha siku hiyo, mweleze gharama ya mafuta au nauli ya matatu, chakula na viingilio, kisha umwachie aamue familia itazuru wapi. Mzazi abakize kura ya turufu katika masuala ya usalama pekee.

Kijana aliyepewa shilingi elfu kadhaa azigawe hujifunza haraka kwamba chakula cha hotelini huzidi mara nyingi bei ya sahani ya githeri au mukimo katika mkahawa wa mjini. Aidha, atakapochagua mahali pasipovutia, atajifunza kubeba lawama.

Nyeri: Mji wa makaburi na mashujaa

Mji wa Nyeri una mambo mengi katika eneo dogo. Katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro amezikwa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha Skauti, aliyefariki Januari 8, 1941. Jiwe la kaburi lake lina duara lenye nukta katikati, alama ambayo kila skauti huifahamu kuwa na maana ya "nimekwenda nyumbani". Nyumba aliyoishi, Paxtu, imo katika uwanja wa hoteli ya Outspan.

Katika hoteli hiyo hiyo, Oktoba 8, 2004, Wangari Maathai alipanda mti akiuelekea Mlima Kenya baada ya kupashwa habari kwamba ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Maathai alizaliwa mwaka wa 1940 katika kijiji cha Ihithe, Tetu, si mbali na hapo. Binti anayedhani kwamba mambo makuu hutokea ng'ambo pekee atafaidika kusimama mahali hapo.

Tetu pia ndiko alikozaliwa Dedan Kimathi mwaka wa 1920, na ndiko alikopigwa risasi na kukamatwa Oktoba 21, 1956. Alishtakiwa mjini Nyeri na kunyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliyeomba kwa miaka mingi aonyeshwe mabaki ya mumewe ayazike, aliaga dunia Mei 2023 bila ya ombi hilo kutimizwa.

Kadhalika, vijana watashangaa kusikia habari za "China" ambaye hakutoka bara Asia. Huyo ni Waruhiu Itote, mzaliwa wa kaunti hii, aliyepigana Burma katika jeshi la Waingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha akarudi nyumbani na kuwaongoza wapiganaji wa Mau Mau katika Mlima Kenya kwa lakabu ya Jenerali China. Alijeruhiwa na kukamatwa Januari 1954.

Jumba la makumbusho la Nyeri, lililokuwa mahakama ya wenyeji enzi za ukoloni, ni pahali pazuri pa kuanzia masimulizi haya. Lakini si pa kumalizia.

Nyanya kwanza

Hapa ndipo penye uzito wa safari yote. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Oktoba 20, 1952. Kuanzia 1954, zaidi ya watu milioni moja, wengi wao wa jamii ya Wakikuyu, walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na ua.

Mtu aliyekuwa na umri wa miaka kumi wakati huo sasa amepita themanini. Wapo wazee wengi katika Tetu, Othaya, Mukurwe-ini na Mathira waliolala ndani ya vijiji hivyo wakiwa watoto, na ambao hawajawahi kuulizwa na wajukuu wao ilikuwaje. Kila mwaka idadi yao hupungua.

Kwa sababu hiyo, familia yenye nyanya au babu eneo hilo itenge siku nzima kwa ajili yake, tena mapema katika safari, kabla ya uchovu. Kijana aandae maswali matano au sita nyumbani, na aanze na yaliyo mepesi: Mlikula nini? Mlichota maji wapi? Ni nani aliyewaamsha asubuhi? Mlicheza mchezo gani?

Maswali mazito yatakuja yenyewe, na huenda mengine yasijibiwe. Mzazi awatahadharishe watoto mapema kwamba vita hivyo vilizigawa nyumba. Kulikuwa na ndugu waliokwenda msituni na ndugu waliojiunga na walinzi waliolipwa na serikali, na wengine hawakuwahi kupatana. Mzee akinyamaza, asisukumwe.

Aombwe ruhusa kabla ya kurekodiwa kwa simu. Simu ile ile ambayo mzazi huilaumu kutwa ndiyo itakayoihifadhi sauti hiyo. Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa, ila ni vigumu kumlaumu kijana kwa kuacha asili ambayo hakuna aliyemsimulia.

Nanyuki: Sayansi na hadithi za mlima

Kituo kinachofuata ni Nanyuki, mji ulio kwenye mstari wa Ikweta. Wapo vijana wa huko ambao kwa ada ndogo humwonyesha mgeni maji yakizunguka upande mmoja kaskazini mwa mstari, na upande mwingine kusini, kwa kutumia chombo chenye tundu.

Ni mchezo wa kufurahisha, lakini mwachie tineja wako aupime. Mzunguko wa dunia huathiri pepo na mikondo ya bahari, ila nguvu yake ni ndogo mno kuyageuza maji ya karai, hasa hatua chache tu kutoka Ikweta. Jinsi maji yanavyomiminwa ndiyo huamua yazunguke upande gani. Kijana atakayeligundua hilo mwenyewe hatalisahau somo.

Katika hifadhi ya Ol Pejeta, karibu na mji huo, wanaishi Najin na Fatu, mama na bintiye, ambao ndio vifaru weupe wa kaskazini wawili tu waliosalia duniani. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa hapo Machi 2018. Pana pia makao ya sokwe waliookolewa kutoka mikononi mwa wawindaji na wafanyabiashara.

Nanyuki ina kisa kingine kinachowafaa wapenda vituko. Mnamo Januari 1943, Mwitaliano Felice Benuzzi na wenzake wawili, wote wafungwa wa vita, walitoroka kambi ya Waingereza mjini humo kwa nia ya kuupanda mlima tu. Walitengeneza vifaa vyao kwa mabaki ya vyuma, wawili kati yao wakafika kilele cha Lenana na kusimika bendera yao, kisha wote wakarudi kambini wenyewe na kuadhibiwa.

Mlima si wa kufanyiwa mzaha

Vijana wakisikia kisa hicho watataka kupanda hadi juu. Mzazi awe imara. Kilele cha Lenana kiko mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, nacho huhitaji siku kadhaa za kupanda polepole ili mwili uizoee hewa nyepesi. Vilele vya Batian, chenye mita 5,199, na Nelion ni vya wakwezi wa miamba waliofunzwa.

Kwa familia isiyo na mazoezi, matembezi ya siku moja kutoka lango la Naro Moru hadi kituo kiitwacho Met Station, chenye mwinuko wa takriban mita 3,050, yanatosha kabisa. Watapita msitu wa mianzi na kurejea jioni. Wasipande bila ya mwongozaji aliyeidhinishwa, kwa sababu nyati na ndovu humo hawana urafiki na mtu.

Dalili za ugonjwa wa mwinuko ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu usio wa kawaida. Tatizo la matineja ni kwamba huzificha ili wasionekane dhaifu mbele ya ndugu zao. Waelezwe kabla ya kuondoka kwamba ugonjwa huu haumtazami mwenye nguvu wala mwanariadha. Anayezidiwa ateremshwe papo hapo, kwani dawa ya kwanza ni kushuka.

Waelezwe pia kwamba theluji ya mlima huo imepungua sana tangu Halford Mackinder na wenzake walipofika kileleni mwaka wa 1899, na wanasayansi wanabashiri kuwa huenda itatoweka kabisa. Kizazi chao kinaweza kuwa cha mwisho kuiona.

Upande wa mashariki

Barabara ya Meru hupita mashamba ya ngano ya Timau, kisha huteremka hadi katika migomba na majani chai. Mjini Meru, makumbusho yamo katika ofisi ya zamani ya mkuu wa wilaya. Huko Nchiru ndiko yaliko makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru ambalo hadi leo husuluhisha migogoro.

Siku ya mwisho ni ya kuteremka kupitia Chuka na Embu hadi mashamba ya mpunga ya Mwea. Kijana aliyemsikiliza nyanya yake Nyeri afahamishwe kwamba mradi huo ulianzishwa katika miaka ya 1950 kwa jasho la waliozuiliwa wakati wa hali ya hatari. Sahani ya pishori atakayokula hapo itakuwa na maana nyingine.

Mambo ya kukumbuka

Viingilio vya mbuga za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori havilipwi kwa pesa taslimu langoni, kwa hivyo lipeni mapema kwa njia ya mtandao. Viwango hubadilika, na watoto hulipa kidogo kuliko watu wazima. Bebeni cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha shule.

Wasiopenda kuendesha gari wakumbuke kwamba treni ya abiria ya Nairobi hadi Nanyuki ilirejeshwa mwishoni mwa 2020. Ithibitisheni ratiba kabla ya kufunga mizigo.

Ikiwa fedha hazitoshi, punguzeni hoteli, punguzeni mbuga, hata Meru mwaweza kuiacha kwa mwaka ujao. Siku ya nyanya isipunguzwe. Vilele vya mlima vitakuwapo likizo ijayo, lakini kuhusu mzee wa miaka themanini na mitano hakuna awezaye kusema hivyo.