Ruzuku, Ufadhili na Mkopo: Istilahi za Fedha za Sanaa katika Halmashauri, kwa Mfano wa Marangu

Mhadhara huu unahusu maneno manne yanayosikika katika ofisi za serikali za mitaa nchini Tanzania pale kikundi cha sanaa kinapohitaji fedha: ruzuku, ufadhili, udhamini na mkopo. Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya huchukuliwa kana kwamba ni visawe. Sivyo. Kila moja lina historia yake, lina mtoaji na mpokeaji wa namna yake, na kila moja huacha deni tofauti baada ya fedha kutolewa. Mfano uliochaguliwa ni Marangu, katika Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, kwa sababu hapo sanaa, utalii na lugha ya jamii vinakutana katika eneo dogo, na mkanganyiko wa istilahi huonekana upesi mfukoni mwa msanii.

Asili ya maneno

Ruzuku na riziki ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu. Katika matumizi ya zamani mwenye kuruzuku ni Mwenyezi Mungu, na kiumbe anayeruzukiwa hadaiwi marejesho. Neno hili lilipoingia katika lugha ya utawala lilibaki na sehemu ya maana hiyo: fedha itolewayo na mamlaka ya juu kwa chombo kinachotambuliwa kisheria, bila kurudishwa. Ndiyo maana Kiswahili cha serikali husema ruzuku ya shule, ruzuku ya pembejeo, na, tangu kurejea kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, ruzuku ya vyama vya siasa. Ni nadra sana kukuta ruzuku ya ngoma.

Ufadhili unatokana na fadhila. Mfadhili hutoa kwa hiari yake, na anaweza kuacha kutoa wakati wowote bila kuvunja sheria. Mfadhiliwa hana haki ya kudai, ila ana wajibu wa kushukuru, na asiposhukuru hutajiwa punda. Udhamini nao umehama mbali zaidi na chanzo chake. Mdhamini wa awali ni yule anayejitia rehani kwa ajili ya mwenziwe, kama afanyavyo mahakamani. Mdhamini wa tamasha, kinyume chake, hubandika jina lake kwenye fulana za wachezaji na hasara ya tamasha haimgusi. Huu ni mgeuko wa maana unaostahili kuchunguzwa na wanafunzi wa semantiki kuliko unavyochunguzwa sasa.

Mkopo ndio neno lenye asili ya Kibantu miongoni mwa manne haya. Kamusi za zamani ziliandika chini ya kitenzi kopa maana ya kuazima na pia maana ya kulaghai. Wahenga walikwisha kutahadharisha kwamba kukopa harusi, kulipa matanga.

Mlipaji wa ngoma

Isidhaniwe kwamba jamii za Waswahili hazikuwa na utaratibu wao wa kugharimia sanaa. Kitenzi tunza (na umbo lake tuza) hubeba maana mbili: kuangalia kitu kisiharibike, na kumpa msanii zawadi hadharani anapoimba au kucheza. Anayesimama katikati ya taarabu na kumtunza mwimbaji hafanyi biashara na wala hatoi sadaka. Anatamka mbele ya watu kwamba maneno yale yamemgusa. Neno tuzo, ambalo leo ni la sherehe rasmi zenye vikombe, limezaliwa humo. Kisarufi kitenzi hiki hutaka aliyetunzwa awe mtu aliyetajwa, aliyepo, anayeonekana. Kasma ya bajeti haimwoni mtu.

Baada ya uhuru mlipaji mkubwa alikuwa dola. Katika hotuba yake ya Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Serikali za mitaa zilipofutwa mwaka 1972, wilaya hazikuwa tena na hazina yao ya kuchagua nini kigharimiwe. Pengo hilo lilijazwa na mashirika ya umma, na mfano ulio karibu zaidi na dhana ya mji kugharimia sanaa ni ule wa Dar es Salaam: Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, ambalo ni mali ya jiji, liliichukua bendi ya Mlimani Park, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1978. Wanamuziki wake walikuwa waajiriwa. Vyombo vilikuwa vya shirika, na jina la mlipaji lilitangulia jina la bendi: DDC Mlimani Park Orchestra. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ilibadilika kuwa JUWATA kisha OTTU kadiri mwajiri alivyobadilika, hadi ikajulikana kwa jina la Msondo Ngoma pekee. Historia ya ugharimiaji inasomeka katika majina hayo bila kufungua jalada lolote la hesabu. Ikumbukwe pia kwamba hapakuwa na neno ruzuku hapo. Palikuwa na mshahara.

Sheria za mwaka 1982 zilirudisha serikali za mitaa, lakini marekebisho ya uchumi yaliyofuata yaliyanyima mashirika uwezo wa kulea bendi na vikundi vya ngoma. Sheria Na. 23 ya 1984 iliunda Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ambalo lilipewa kazi ya kukuza sanaa na pia kusajili na kutoa vibali. Vitenzi kukuza na kudhibiti vikakaa katika ofisi moja. Mwaka 1998 ulianzishwa Mfuko wa Utamaduni Tanzania kwa msaada wa Sweden. Huo ndio uliotoa fedha zisizorudishwa kwa miradi ya sanaa, na tuzo zake zikaitwa Zeze, kwa jina la ala ya nyuzi. Mfuko wa miaka ya 2020 unaobeba jukumu hilo umejulikana zaidi kwa mikopo inayopitia benki. Jina la mfuko limebaki karibu lile lile. Kitenzi kimebadilika kutoka kupewa kuwa kukopeshwa.

Asilimia kumi

Ngazi ya halmashauri inaonyesha badiliko hilo waziwazi zaidi. Marekebisho ya mwaka 2018 ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa yalizitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisitishwa mwezi Aprili 2023 kutokana na kasoro zilizoonekana katika ukaguzi na marejesho, ukarejeshwa mwaka 2024. Kwa kikundi cha ngoma kilichoko kijijini, huo ndio mlango wa fedha ulio karibu zaidi na nyumbani.

Mlango huo, hata hivyo, haukujengwa kwa ajili ya sanaa. Kikundi cha wanawake wa Marangu kinachoimba na kucheza mbele ya wageni wapandao mlima kinaweza kuupitia, kwa sharti kwamba kijieleze kama kikundi cha wajasiriamali. Katika andiko la mradi, ngoma itaandikwa kuwa huduma, watazamaji wataandikwa kuwa soko, na mavazi yatakuwa mtaji. Hakuna uongo katika maneno hayo. Lakini kinachoandikwa ndicho kitakachokaguliwa, na kikundi kilichoahidi marejesho ya kila mwezi kitalazimika kucheza kile ambacho mgeni wa nusu saa anaweza kukifurahia. Wimbo mrefu wa sherehe ya ukoo hautalipa deni.

Mapato yenyewe nayo yana mipaka. Halmashauri hutegemea vyanzo kama ushuru wa mazao, na kahawa si ile ya enzi ambapo chama kikuu cha ushirika cha KNCU, kilichoundwa mwaka 1933, kilitamba. Ada za kuingia katika Hifadhi ya Kilimanjaro hupita langoni Marangu, lakini hazihesabiwi katika mapato ya ndani ya halmashauri.

Kivunjo ndani ya fomu

Marangu ni eneo la Kivunjo, lahaja ya Kichagga inayofahamika katika isimu duniani kuliko lugha nyingi zenye wasemaji wengi zaidi. Makala ya Joan Bresnan na Lioba Moshi ya mwaka 1990 ilitumia data za Kichagga kuonyesha kwamba katika baadhi ya lugha za Kibantu yambwa zote mbili za kitenzi cha kutendea zinaweza kuwa na hadhi sawa. Wanaisimu wanaoitaja tungo ya Kivunjo katika semina ni wengi. Walioisikia hadithi nzima ya Kivunjo ni wachache.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inahimiza lugha za jamii ziandikwe, zitafitiwe na zihifadhiwe. Kazi hiyo imewahi kufanywa na wenyeji wenye nafasi. Mangi Petro Itosi Marealle wa Marangu alichapisha mwaka 1947 kitabu chake *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera*, akieleza mila za Kichagga kwa Kiswahili. Umangi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na kwa mzaha wa lugha za mijini neno mangi leo humtaja mwenye duka la mtaani. Aliyekuwa mlezi wa mila amekuwa mkopeshaji wa sukari.

Sasa achukuliwe mzee wa miaka 70 ajuaye masimulizi ya ukoo wake kwa Kivunjo, au mhunzi wa Mamba ajuaye istilahi za kiwanda chake ambazo hazimo katika kamusi yoyote. Huyu si kijana, hata ukomo wa umri ukiongezwa. Si mwanamke. Kama hana ulemavu, hana fungu. Wala mkopo haungemfaa, kwa kuwa masimulizi hayana marejesho ya kila mwezi. Anachohitaji ni ruzuku kwa maana yake ya asili: nauli ya msaidizi, kinasa sauti, na posho ya siku anazoacha shamba lake.

Sheria haizuii jambo hilo. Bajeti ya halmashauri hupitishwa na madiwani, na afisa utamaduni yupo wilayani. Kinachotakiwa ni kasma ndogo nje ya asilimia kumi, yenye jina lake. Ikiitwa ufadhili, itategemea hisani ya mwenyekiti aliyepo. Ikiitwa udhamini, itatafutiwa bango. Ikiitwa ruzuku, mkaguzi atauliza masimulizi yaliyorekodiwa yako wapi, na hilo ni swali ambalo mzee wa Marangu anaweza kulijibu.